Mtoto anapocheua maziwa: lini tutulie, lini tukimbie kituo cha afya



Huku kwetu, tangu Ebola ya 2018 hadi 2020 iliyopita Beni na Butembo, maneno «mtoto anatapika» yanatutia woga haraka. Lakini kucheua si kutapika. Mtoto mchanga akisha kunyonya, maziwa kidogo yanarudi mdomoni bila nguvu, naye anabaki mtulivu. Sababu ni kwamba mlango wa juu wa tumbo lake bado haujakaza vizuri. Hali hiyo huzidi karibu na miezi 4, na kwa watoto wengi huisha kabla ya mwaka 1. Mtoto anayecheua huku anaongeza kilo si mgonjwa.

Nyumbani tufanye hivi:

- Tumnyonyeshe kichwa kikiwa juu kuliko tumbo, kidogo kidogo, mara nyingi.
- Akimaliza, tumuweke begani mpaka abeue, kisha tubaki naye wima dakika 20 hadi 30.
- Kitenge cha mgongoni kisimbane tumbo mara tu baada ya kunyonya.
- Alale chali, hata kama anacheua. Kifudifudi ni hatari.
- Asipewe uji wala maji ya sukari kabla ya miezi 6, wala dawa ya tumbo ya watu wazima.

Jambo moja tulikatae kabisa. Wako wanaotazama ufizi wa mtoto anayetapika, wakiona uvimbe mweupe wanasema ni meno mabaya, yang'olewe. Uganda huyaita ebinyo, Tanzania meno ya plastiki. Hayo ni meno yake ya utotoni, hayajatoka bado. Kuyachimba kunamwaga damu, kunaingiza vijidudu, na kumeshaua watoto.

Twende kituo cha afya siku hiyo hiyo tukiona matapishi ya kijani au yenye damu, kutapika kwa nguvu kila baada ya kunyonya, hasa kwa mtoto wa wiki 2 hadi 8, homa, tumbo kuvimba, kukataa ziwa, au mkojo kupungua. Kilo zisipopanda, tumwonyeshe muuguzi pamoja na kadi yake.

Na mzazi wa mara ya kwanza tusimwache peke yake. Akisikia kwamba maziwa yake ni mabaya kwa sababu mtoto anayacheua, tumwambie wazi: si kweli, mama, endelea kunyonyesha.