Kenrokuen: Bustani Inayokuficha Mambo

Wengi waliofika Kenrokuen watakuonyesha picha ileile moja: taa ya mawe yenye miguu miwili, mguu mrefu umezama kwenye maji, mfupi umekaa juu ya jiwe, na nyuma yake bwawa. Taa yenyewe inaitwa Kotoji, na ni nzuri kweli. Ila pale kwenye kidaraja chake kuna foleni ya wapiga picha, na ukishapiga yako unaweza kuondoka ukiamini umeiona bustani. Mimi nilifika Novemba, nikiwa Japani kwa muhula mmoja wa kubadilishana wanafunzi, na kundi letu lilipewa saa moja na nusu. Wenzangu wawili walimaliza kwa dakika ishirini. "Miti na maji tu," mmoja akaniambia. Naandika kwa ajili ya yeyote kati yenu atakayepata nafasi kama ile, maana bustani hii haionekani mtu asipojua inafanyaje kazi.

Kenrokuen iko mjini Kanazawa, upande wa magharibi wa Japani, mkabala na ngome ya watawala wa zamani. Ina ukubwa wa zaidi ya hekta 11. Wajapani huihesabu kati ya bustani tatu kuu za nchi yao; nyingine ni Korakuen ya Okayama na Kairakuen ya Mito. Aina yake ni bustani ya kutembea. Hakuna mahali pa kusimama ukaiona yote, na hilo limefanywa makusudi. Njia inapinda, kilima kinakuzibia, mti unakuja mbele yako, halafu ghafla bwawa linafunguka. Ukipiga hatua kumi tena, limepotea. Aliyeichora alikuwa anapanga utaona nini kwanza na nini baadaye, sawasawa na mwalimu anavyopanga somo, na ndiyo maana ukikimbia unapata vipande tu.

Jina lake lina maana ya bustani yenye sifa sita kwa pamoja. Lilitolewa mwaka 1822, na wazo lilichukuliwa kwenye kitabu cha Kichina cha zamani kuhusu bustani za Luoyang. Sifa zenyewe ni upana, upweke, kazi ya mkono wa mtu, ukale, maji na mandhari ya mbali. Ukizisoma harakaharaka zinaonekana kama orodha ya sifa za tangazo. Zitazame mbilimbili. Mahali palipo wazi na pana hapana faragha. Mahali panapoonyesha kazi ya mtu hukosa sura ya ukale. Maji hukaa bondeni, lakini mandhari ya mbali inataka uwe juu. Kila jozi inagombana, na sifa ya bustani hii ni kwamba imezikalisha pamoja zote.

Hiyo jozi ya mwisho ndiyo iliyonishika zaidi. Bustani iko juu ya kilima. Ukisimama ukingoni unauona mji na milima. Sasa maji yamefikaje huko, tena mengi hivyo, bila pampu? Jibu ni mfereji wa Tatsumi, uliochimbwa mwaka 1632, baada ya moto kuunguza ngome mwaka uliotangulia. Waliyachota maji ya mto Sai mbali sana, juu kuliko kilima chenyewe, wakayaleta kwa mteremko mdogo kwa zaidi ya kilomita 10, sehemu nyingine yakipita chini ya ardhi. Kuvuka hadi ngomeni walitumia mabomba: maji yanashuka bondeni, kisha yanapanda upande wa pili kwa msukumo wa yale yaliyo nyuma. Kanuni hiyohiyo inaendesha chemchemi ya kurusha maji iliyoko chini ya bwawa kubwa la Kasumigaike. Haina mashine. Bwawa likijaa, maji yanaruka juu zaidi. Likipungua, nayo inashuka. Ningekuwa nafundisha fizikia, msukumo wa maji ningeufundishia pale.

Misonobari nayo ina siri zake. Kuna mmoja ambao mizizi yake imesimama juu ya ardhi kuzidi kimo cha mtu. Haukuota hivyo. Ulipandwa juu ya kichuguu cha udongo, na ulipokua udongo ukaondolewa, mizizi ikabaki nje. Mwingine, Karasaki, ulikuzwa kwa mbegu zilizoletwa kutoka ziwa Biwa. Kila tarehe 1 Novemba watunzaji wa bustani wanaanza na huo kufunga kamba: nguzo ndefu inasimamishwa, na kutoka kileleni kamba zinashushwa hadi kwenye matawi kama mbavu za mwavuli. Theluji ya Kanazawa ina maji mengi na ni nzito, inavunja matawi. Niliwaona wazee wamekaa juu ya ngazi wakifunga kamba mojamoja, na nikaelewa nini maana ya "kazi ya mkono wa mtu".

Kazi hiyo, lakini, ililipwa na nani? Bustani ilianza mwaka 1676 chini ya ukoo wa Maeda, watawala wa Kaga. Utajiri wa mtawala ulipimwa kwa mpunga, kwa kipimo cha koku, yaani mchele wa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Kaga ilihesabiwa zaidi ya koku milioni moja, na mpunga huo ulilimwa na wakulima. Malango yalifunguliwa rasmi kwa wananchi wote mwaka 1874, baada ya utawala wa mabwana hao kuondolewa. Hilo halikuniharibia uzuri wa mahali, ila sikutaka kulipita kimya.

Nyumba za chai nimeziacha mwisho kwa sababu ndizo zinazorukwa. Usifikirie mgahawa. Yugao-tei, kando ya bwawa la Hisago na maporomoko madogo ya maji, ilijengwa mwaka 1774 na ni jengo kongwe kuliko yote bustanini. Ni ndogo, paa la nyasi, na jina lake linatokana na ua la mmumunye, kwa sababu umbo lake limechongwa ukutani. Huruhusiwi kuingia, unachungulia tu, na humo ndani hakuna kitu cha kutazama. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu aliyetawala koku milioni moja alikuja kukaa kwenye chumba kitupu akisikiliza maji.

Ukitaka kunywa chai yenyewe, nenda Shigure-tei. Unavua viatu, unakaa kwenye mkeka, unaletewa andazi dogo tamu na bakuli la chai ya unga wa kijani. Kula kitamu kwanza, kiishe, ndipo unywe, maana chai ni chungu na haina sukari. Na kaa upande unaoitazama bustani.