Simu Mpya, Viraka vya Muda Gani?

Oktoba 7, 2019, Rais Paul Kagame alizindua kiwanda cha Mara Phones katika Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali. Kiwanda kilianza na simu mbili za Android, Mara X na Mara Z, na fahari ya siku hiyo ilikuwa kwamba simu janja sasa inaundwa Afrika. Wiki tano baadaye, Novemba 14, Facebook ilitoa taarifa fupi kuhusu WhatsApp. Video ya MP4 iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuizima programu hiyo ghafla, na katika hali mbaya zaidi kumpa mtumaji nafasi ya kuendesha amri zake ndani ya simu ya mpokeaji. Udhaifu huo ulisajiliwa kwa namba CVE-2019-11931. Kampuni ilisema haikuona dalili ya mtumiaji aliyedhurika, na kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu huo, kilikuwa tayari kimetoka.

Habari hizi mbili zinastahili kusomwa pamoja. Ya kwanza inahusu kumfikishia mwananchi simu. Ya pili inauliza nani ataitunza simu hiyo ikishamfikia. Rwanda imelishughulikia jambo la kwanza kwa bidii inayostahili sifa. La pili, kama ilivyo kwa majirani zake, imewaachia watengenezaji, na hapo ndipo penye hatari.

Tuanze na namna video inavyoweza kuiangusha programu. Faili la MP4 ni mfululizo wa visanduku. Kila kisanduku huanza na baiti nne zinazotaja ukubwa wake, zikifuatwa na baiti nne zinazotaja aina yake. Programu husoma ukubwa huo, hutenga nafasi katika kumbukumbu ya simu, kisha huhamishia humo yaliyomo. Shida huzuka programu inapoliamini faili bila kuhakiki. Inakuwa kama karani wa ghala anayepokea shehena kwa kusoma hati tu: hati ikisema magunia kumi na lori limebeba mia, tisini yatashushwa juu ya mali ya watu wengine.

Ndani ya simu, kinachofunikwa na mzigo huo wa ziada kinaweza kuwa namba inayoielekeza programu hatua ifuatayo. Ikifunikwa na data ovyo, programu hukimbilia anwani isiyokuwepo, na mfumo wa simu huisimamisha papo hapo. Mtumiaji huona WhatsApp imejifunga, huifungua tena na kuendelea na shughuli zake. Lakini ikifunikwa na namba iliyopimwa kwa makini, programu haizimi. Inaendelea na kazi ikiwa chini ya amri ya mtu mwingine. Simu za kisasa zina kinga za kuvuruga vipimo hivyo, na ndiyo maana mashambulizi ya aina hii yanahitaji ustadi mkubwa. Hata hivyo, kasoro inayoizima programu na kasoro inayoiteka mara nyingi ni moja.

Dunia ilipata onyo kubwa Julai 2015, pale Joshua Drake wa kampuni ya Zimperium alipotangaza udhaifu katika Stagefright, maktaba ya Android ya kuchezesha sauti na video. Sehemu ya kasoro hizo ilikuwa ya hesabu. Namba ya biti 32 haiwezi kuzidi 4,294,967,295. Ukiiongezea moja, inarudi sifuri. Faili likitaja ukubwa unaokaribia kikomo hicho, na programu ikaongeza baiti chache za kwake, jumla inageuka kuwa ndogo mno. Nafasi hutengwa kwa kufuata jumla hiyo ndogo, kisha data nyingi humiminwa humo. Zimperium ilikadiria kuwa vifaa milioni 950 vilikuwa hatarini, na video yenye sumu ingeweza kuingia kwa ujumbe wa MMS na kuanza kuchakatwa kabla mwenye simu hajaigusa. Baada ya mshtuko huo, Agosti 2015 Google ilianza kutoa viraka vya usalama kila mwezi.

Lakini kiraka cha Google hakifiki mfukoni moja kwa moja. Mtengenezaji wa simu lazima akichukue, akirekebishe kiendane na toleo lake, akijaribu na kukituma kwa wateja. Kazi hiyo ina gharama, na kwenye simu ya bei ya chini faida ni ndogo. Matokeo yake ni kwamba simu ghali hupata viraka kwa miaka mingi, na simu ya mnyonge husahaulika mapema.

Kwa Wanyarwanda suala la simu kupenyezwa lina historia ya uchungu. Mei 2019 WhatsApp ilibaini kwamba kasoro katika mfumo wake wa kupiga simu ilitumika kupenyeza Pegasus, programu ya kijasusi ya kampuni ya Israeli, NSO Group. Simu iliita, na hata isipopokelewa, upenyezaji uliwezekana. Watu wapatao 1,400 walilengwa, wakiwamo Wanyarwanda waishio ughaibuni wanaoipinga serikali. Mwaka 2021 Amnesty International ilitangaza kuwa ilikuta alama za Pegasus kwenye simu ya Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali hiyo. Naye alitoa ushahidi mbele ya Kamati ya Ujasusi ya Baraza la Wawakilishi la Marekani Julai 2022. Serikali ya Rwanda imekanusha kuitumia Pegasus.

Mwaka huohuo wa 2021, watafiti wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto waliichunguza simu ya mwanaharakati wa Saudi Arabia na kukuta mafaili yaliyojifanya picha za GIF. Nakala 27 zilikuwa za faili moja dogo la baiti 748, ambalo kwa kweli lilikuwa la Photoshop, na kila nakala iliizima programu ya iPhone inayoandaa picha za ujumbe. Mengine manne yalikuwa PDF. Watafiti waliyatilia shaka mafaili hayo kwa sababu yalifanana na mizimiko waliyokwisha kuiona kwenye simu nyingine iliyodukuliwa. Apple ilitoa kiraka Septemba 13, 2021. Tukio hilo linafundisha kwamba programu inayojifunga mara kwa mara bila sababu ni dalili ya kuchunguzwa.

Muuza nguo wa soko la Kimironko jijini Kigali anaweza kusema kwamba hana adui wa kumtumia silaha ya mamilioni ya dola. Ni kweli. Ila tundu likishazibwa, siri yake imetoka. Mwenye ujuzi hulinganisha toleo jipya na la zamani, akaona kilichobadilishwa, akatengeneza faili la kuwashambulia ambao hawajasasisha simu zao. Kuanzia siku hiyo hatari inahamia kwa wasiopata viraka, ambao wengi wao ni wenye simu za bei nafuu. Na ndani ya simu hiyohiyo mna pesa za MoMo, namba ya kitambulisho na maombi yaliyopitia Irembo, tovuti ya huduma za serikali.

Septemba 2023 ilionyesha upana wa tatizo. Kasoro moja katika libwebp, maktaba ya kusoma picha za WebP, iligusa Chrome, Firefox na programu nyingine nyingi zilizobeba msimbo huohuo, na ilikwisha kutumika katika mashambulizi kabla ya kiraka kutoka. Mwezi uliofuata Kigali ilizindua awamu ya pili ya ConnectRwanda, ambapo simu janja ya 4G iliuzwa kwa faranga 20,000. Ni mpango mwema, kwa sababu mkulima asiye na simu janja anakosa huduma nyingi. Lakini bei hiyo inazidisha umuhimu wa swali ambalo kila mnunuzi anastahili kujibiwa dukani: simu hii itapata viraka hadi lini?

Wenzetu wamekwisha kuligeuza swali hilo kuwa sheria. Uingereza, tangu Aprili 29, 2024, inamlazimu mtengenezaji kutaja muda atakaotoa masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 20, 2025, unataka simu mpya zipate masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuuzwa. Rwanda haianzi sifuri. Ina Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, NCSA, ambayo pia inasimamia sheria ya mwaka 2021 ya kulinda taarifa binafsi, na ina RURA, mamlaka ya udhibiti inayoidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijaingia sokoni. Kilichobaki ni RURA kuongeza sharti moja katika idhini hiyo: tarehe ya mwisho ya viraka iandikwe kwenye boksi la simu kwa Kinyarwanda. Mamlaka za mawasiliano za majirani, TCRA ya Tanzania na CA ya Kenya, zikifanya vivyo hivyo, soko la Afrika Mashariki litakuwa kubwa mno kwa mtengenezaji yeyote kulipuuza. Na simu inayotolewa kwa mpango wa serikali iwe ya kwanza kutimiza sharti hilo.

Wakati huohuo, msomaji, chukua simu yako. Ingia kwenye mipangilio, fungua maelezo kuhusu simu, utafute tarehe ya sasisho la usalama la Android. Sasisha WhatsApp na kivinjari chako, maana programu hizo hupata viraka hata simu yenyewe ikiwa imesahauliwa. Zima upakuaji wa video unaojiendesha wenyewe. Na utakapokwenda kununua simu nyingine, muulize muuzaji tarehe ya viraka kabla ya kuuliza ukubwa wa kamera. Akikosa jibu, nenda duka linalofuata.