Ngoma Inaweza Kufundisha Programu

Mwaka 2012, wanafunzi wawili wa chuo cha MIT, Marekani, Jay Silver na Eric Rosenbaum, walizindua Makey Makey, kibao kidogo cha kielektroniki kinachounganishwa na kompyuta. Mtoto akishika waya mmoja, kisha akagusa embe lililochomekwa waya wa pili, umeme hafifu usiodhuru hupita mwilini mwake, na kompyuta huupokea kama kitufe kilichobonyezwa. Kwa Scratch, programu ya bure, mtoto huamua mwenyewe embe litoe sauti gani.

Watoto wa Kigoma na Ujiji tayari wana mtaji wa somo hili la programu: ngoma. Mpigo wa ngoma hurudiwa, hubadilika ishara ikitolewa, hujibiwa na ngoma nyingine. Programu nayo ni marudio, masharti na mpangilio. Kosa la mpigo husikika papo hapo, hivyo mtoto hulitafuta na kulisahihisha. Wapo watakaosema shule zenye uhaba wa madawati hazihitaji ala za umeme. Hoja hiyo ina uzito, lakini kompyuta moja huhudumia kundi zima, na mpigo unaweza kupangwa kwanza ubaoni, hatua kwa hatua. Tukisubiri kila kitu kikamilike, watoto wetu watabaki watumiaji wa vilivyoundwa na wengine.