Mathias Boe ni nani, na badminton ya wawili wawili ina siri gani?

KICUKIRO, Kigali – Mwaka 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, Uingereza, Wanyarwanda wawili, Olivier Ntagengwa na Venuste Gatsinzi, walifika hadi mechi ya kuwania medali ya shaba katika voliboli ya ufukweni, wakamaliza katika nafasi ya nne. Katika mashindano hayo hayo, Wahindi wawili, Satwiksairaj Rankireddy na Chirag Shetty, walitwaa dhahabu ya badminton kwa wanaume wawili wawili. Miongoni mwa walimu waliowanoa Wahindi hao ni raia wa Denmark, Mathias Boe.

Jina hilo halijulikani sana katika ukanda wetu, ambako soka, mbio na baiskeli ndivyo vinavyotawala mazungumzo. Hata hivyo, maisha yake ya michezo yanajibu swali linalowagusa wote wanaolea vipaji: nchi ndogo hupataje kushindana na mataifa makubwa?

Mchezo wenyewe

Badminton, unaoitwa pia mpira wa vinyoya, huchezwa kwa raketi juu ya wavu wenye urefu wa takriban mita moja na nusu. Kinachopigwa ni kipira chenye vinyoya 16 na uzito wa gramu 5 hivi. Kwa wepesi wake, upepo mdogo tu hukipeperusha, ndiyo maana mashindano makubwa hufanyika ndani ya ukumbi. Hata hivyo, kikipigwa na fundi huruka kwa kasi ya kutisha: mwaka 2023, Rankireddy alitambuliwa kuwa mwanamume mwenye pigo la kasi kuliko yote yaliyowahi kupimwa, kilomita 565 kwa saa.

Katika mchezo wa wawili wawili, uwanja una urefu wa mita 13.40 na upana wa mita 6.10. Tofauti na tenisi ya mezani, ambako wenza hulazimika kupiga kwa zamu, hapa baada ya kipira kuanzishwa na kurudishwa, yeyote kati ya wawili anaweza kupiga. Uhuru huo ndio unaozaa ugumu. Kipira kikija katikati, ni cha nani? Hakuna muda wa kuulizana. Wanaposhambulia, mmoja husogea karibu na wavu na mwenzake hubaki nyuma kushindilia. Wanapojihami, husimama sambamba. Mabadiliko hayo hutokea mara nyingi ndani ya sekunde chache, na asiyesoma nia ya mwenzake humwachia pengo.

Wawili kutoka Denmark

Boe alizaliwa mwezi Julai mwaka 1980. Mwenza aliyempatia sifa kubwa ni Carsten Mogensen, aliyezaliwa miaka mitatu baadaye. Boe hutumia mkono wa kushoto, Mogensen wa kulia. Mchanganyiko huo una faida, kwa kuwa wapinzani hulazimika kukumbuka kila mara nani amesimama wapi, na pembe za mapigo hubadilika. Boe alisifika kwa akili na wepesi karibu na wavu, Mogensen kwa nguvu zake kutoka nyuma.

Mwaka 2011 walishinda mashindano ya All England, yaliyoanza mwaka 1899 na yanayohesabiwa miongoni mwa mashindano yenye heshima kubwa zaidi katika mchezo huo. Mwaka 2015 walilitwaa tena taji hilo.

Kilele chao kilikuwa Olimpiki ya London mwaka 2012. Katika nusu fainali walipoteza seti ya kwanza mbele ya Jung Jae-sung na Lee Yong-dae wa Korea Kusini, wakashinda ya pili, kisha wakaichukua ya tatu kwa pointi 22 kwa 20. Katika fainali walizidiwa na Cai Yun na Fu Haifeng wa China, wakarejea nyumbani na medali ya fedha.

Mwaka wa hofu

Mwezi Januari mwaka 2016, Mogensen akiwa India kwa ajili ya ligi ya huko, alipatwa na tatizo la mshipa wa damu katika ubongo. Kwa mtu yeyote hali hiyo ni ya hatari; kwa mwanamichezo ambaye riziki yake inategemea macho, mkono na wepesi wa kuamua, ilikuwa sawa na kusimama ukingoni mwa shimo. Boe naye alikabiliwa na jambo ambalo mchezaji wa peke yake halijui: hatima yake ilikuwa ndani ya mwili wa mtu mwingine.

Mogensen alipona. Mwezi Agosti mwaka huo huo wawili hao walicheza Olimpiki ya Rio de Janeiro, ingawa hawakuvuka hatua ya makundi. Wengi wangeridhika kwamba mtu yu hai. Wao waliendelea, na mwaka 2017 wakashinda mashindano ya wazi ya Korea kwa kuwafunga Marcus Gideon na Kevin Sukamuljo wa Indonesia, waliokuwa tishio kubwa wakati huo.

Baada ya kuachana na Mogensen, Boe alicheza na Mads Conrad-Petersen. Mwezi Aprili mwaka 2020, Olimpiki ya Tokyo ikiwa imeahirishwa kwa sababu ya janga la korona, alistaafu akiwa na umri wa miaka 39, kisha akaingia katika ukocha. Wanafunzi wake, Rankireddy na Shetty, walitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia mwaka 2023 na kushika nafasi ya kwanza duniani mwaka huo. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 walitolewa robo fainali.

Kwa nini Denmark?

Denmark ina watu takriban milioni sita. Rwanda, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, ina zaidi ya milioni 13. Lakini ni Denmark iliyokuwa nchi ya kwanza ya Ulaya kutwaa Kombe la Thomas, la timu za taifa za wanaume, mwaka 2016 kule Kunshan, China, kwa kuifunga Indonesia.

Sababu moja ni vilabu. Nchini humo mchezo huanzia katika vyama vya wenyeji, ambako wazazi na wachezaji wa zamani hujitolea kufundisha, na serikali za mitaa husaidia shughuli za vijana na kuwapatia kumbi. Wenye vipaji vikubwa hatimaye hukutanishwa katika kituo cha timu ya taifa huko Brøndby, ambako bingwa na chipukizi hufanya mazoezi pamoja. Ujuzi wa kizazi kimoja hurithiwa na kingine bila kusubiri kocha wa kutoka mbali.

Wasomaji wa Kicukiro wana mfano wa karibu wa mchezo wa kigeni kupata makao. Mwaka 2017 uwanja wa kriketi ulifunguliwa Gahanga, na mchezo ambao zamani ulikuwa wa wachache ukapata mahali pake. Badminton haihitaji eneo kubwa kama hilo: ukumbi mmoja wenye paa refu, usiopitisha upepo, hutosha viwanja kadhaa. Na nchi iliyozoea umuganda haihitaji kufundishwa maana ya kujitolea.

Kinachobaki ni subira. Tangu Boe azaliwe hadi asimame na medali ya fedha jijini London ilipita miaka 32, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa ya mazoezi, si ya shangwe. Mzazi anayemshika mtoto mkono na kumpeleka ukumbini leo anapanda mti ambao kivuli chake huenda kikaonekana baada ya miaka 20. Na iwapo mtoto huyo atachagua mchezo wa wawili, somo lake la kwanza litakuwa kumtazama mwenzake kabla ya kukitazama kipira.