Namba Iliyo Kichwani: Kuwapata Ndugu Wakati wa Dharura Pasipo Simu

Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililowabeba wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watoto 3 walionusurika walipelekwa baadaye kutibiwa Sioux City, Marekani. Mtoto wa umri huo kwa kawaida hana simu. Anayemwokoa hutegemea sare, jina lililoandikwa daftarini, na kile ambacho mtoto mwenyewe anaweza kukitamka. Mtu mzima ambaye simu yake imevunjika au kuibwa katika ajali yumo katika hali ileile, ila yeye hana hata sare.

Ndugu hatafutwi ili alete shuka na chakula tu. Matibabu ya kuokoa maisha huanza bila kumsubiri, lakini yapo mambo ambayo ni yeye pekee anayeyajua. Kwa mgonjwa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, pigo dogo la kichwa laweza kusababisha damu kuvuja ndani ya fuvu. Mgonjwa wa kisukari aliyeshukiwa na sukari huonekana kama mlevi. Mwenye mzio wa penisilini haandikwi usoni.

Ubongo nao una kanuni zake. Mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo mara nyingi husahau dakika au saa zilizotangulia ajali, ilhali mambo aliyojifunza zamani na kuyarudia mara nyingi hubaki. Kwa hiyo namba iliyokaririwa kwa miaka ina nafasi kubwa zaidi ya kukumbukwa kuliko ile iliyosomwa jana. Namba zetu zina tarakimu kumi, na mtu mwenye hofu au maumivu hawezi kuzishika zote kwa mara ya kwanza. Zikaririwe kwa mafungu, zikitamkwa kwa sauti, kama watoto wanavyoimba jedwali la kuzidisha. Moja yatosha.

Ya pili iwe kwenye karatasi, pamoja na jina la dawa anazotumia mhusika, nyuma ya kitambulisho cha taifa au kadi ya bima. Iandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu nyingi husambaa ukilowa, na ukungu wa ukingo wa kreta hulowesha kila kitu. Mchungaji wa Nainokanoka ambaye shuka yake haina mfuko aweza kuihifadhi ndani ya ala ya sime.

Na asiye na namba yoyote? Huyu hupatikana kwa watu. Jina moja halisaidii, kwa kuwa majina yanayofanana ni mengi mno. Linalosaidia ni jina la baba, kitongoji, kijiji na kata, na kwa upande wa Ngorongoro, boma ni la nani. Kwa taarifa hizo muuguzi wa Endulen aweza kumpata mganga wa zahanati iliyo jirani au afisa mtendaji wa kijiji, naye akamtuma mtu kwa mwenyekiti wa kitongoji, kwa balozi au kwa laigwanani. Njia hii ilikuwapo kabla ya simu na haihitaji chaji.

Simu ya kuazima nayo ina kazi. Polisi hupigiwa 112. Mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga hutafutiwa usafiri kupitia 115, namba ya mfumo wa m-mama, bila malipo. Mahali ambapo mtandao hukatika, magari ya utalii yenye redio za mawasiliano yaweza kusimamishwa.

Hatua inayosahaulika zaidi ni rufaa. Mgonjwa anayetoka Endulen kwenda Karatu, kisha Arusha au KCMC mjini Moshi, hupita mikononi mwa watu wengi, na mawasiliano aliyoyatoa kituo cha kwanza hubaki katika daftari la kituo cha kwanza. Yaandikwe kwenye barua ya rufaa yenyewe, pamoja na namba ya ndugu aliyebaki nyumbani, kwa kuwa simu ya anayemsindikiza huenda ikazimika kabla gari halijafika Makuyuni.