Kifuniko cha Chombo Kilichopandishwa Pwani

Inapofika Aprili, kusi ikaanza kushika nguvu na mvua ya masika ikateremka Pemba mchana na usiku, mwenye chombo wa Tumbe, Kojani au Kisiwa Panza asiyetaka kukihatirisha hukipandisha pwani, akakiegemeza kwa magogo, akashusha foromali na tanga; na kazi ikishafika hapo ndipo huzuka suali ambalo wengi hulijibu kwa pupa katika maduka ya Wete na Chake Chake: kifunikwe kwa kitu gani?

Maadui wa mbao ni wawili. Jua huzikausha hata zikasinyaa, maungio yakaachana na kalafati ya pamba iliyotiwa sifa ikalegea. Mvua nayo hutuama katika ngama na kupenya kwenye mataruma, ambako kuvu wa kuozesha mti hupata riziki yake pindi unyevu wa ubao upitapo takriban asilimia 20. Ndiyo maana chombo kinachooshwa kila siku kwa maji ya chumvi aghalabu hakiozi upesi kama kile kilicholala nchi kavu na maji ya mvua tumboni.

Basi kifuniko kizuiacho mvua na upepo pamoja kimefanya nusu ya kazi tu. Turubai jepesi la plastiki, lile la buluu lipendwalo kwa urahisi wa bei, likilazwa juu ya mbao na kufungwa hadi chini, hufungia humo mvuke wa mchana, ambao usiku hugeuka matone yakadondokea ubao ule ule uliokusudiwa kuhifadhiwa. Na miale ya jua nayo huzila nyuzi zake, hata ukilikunja pembeni linakatika kama karatasi kavu.

Turubai la pamba hupumua vyema, na mvua huizuia kwa kuwa nyuzi zake hufura zikilowa na kuziba matundu, lakini likikunjwa bichi huingia koga. Lidumulo zaidi ni lile la malori, kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki pande mbili, ambalo aghalabu huwa na uzito wa gramu 600 au zaidi kwa mita ya mraba. Anunuaye na atazame pindo kama zimeshonwa mara mbili, na pete za kamba kama ni za shaba, maana chumvi haikawii kula chuma.

Makuti, ambayo Pemba si haba, yasidharauliwe. Banda lenye paa la mwinamo mkali na ubavu ulio wazi huteremsha mvua, hukinga jua na kupitisha upepo, ingawa halina budi kuezekwa upya kila baada ya miaka michache na kuhadhariwa na moto na mchwa. Hata mabaharia wa Kuwait walivifunika vyombo vyao mikeka wakati wa joto, msimu wa safari ulipokwisha.

Atumiaye turubai na alaze boriti kutoka omo hadi tezi, kitambaa kisiguse mbao, ncha mbili ziachwe wazi, na pale kamba inaposugua paviringwe matambara. Boti ya faibaglasi haiozi, hivyo turubai huitosha, madhali maji hayatuami ndani. Lakini mwenye mashua ya mbao, akilazimika kuchagua baina ya turubai la thamani lililofungwa likabana na makuti yaliyoezekwa vyema, na achukue makuti.