Mafuta ya Mgando Si Koti

"Daktari, huku Minneapolis baridi imeshaingia na mimi siachi kukimbia. Nipake mafuta gani mazito usoni nisigande?"

Hakuna.

Swali hili hunifikia kila Novemba, na mwulizaji huwa ameshajipaka. Anataka tu nimpe baraka. Mmoja alinitumia picha: uso unang'aa kama sufuria mpya, na shavuni baka la kijivu, gumu kama nta. "Lakini nilipaka mengi," akaandika. Nilimwamini.

Chimbuko la imani hii nalijua. Kule Njombe, mwezi wa saba, mama hakuruhusu utoke kwenda shule kabla uso na magoti hayajang'aa. Ila mama alipambana na kupauka, si kuganda. Mafuta ya mgando huzuia maji yasitoke kwenye ngozi, na kwa kazi hiyo hayana mpinzani. Joto ni habari nyingine. Joto hutunzwa na hewa iliyotulia, ile inayonaswa na nyuzi za sufu, na utando wa mafuta hauna hewa wala unene. Wafini, ambao baridi wanaijua, walichunguza askari wao, na mwaka 1995 jarida la British Medical Journal likachapisha matokeo: kujipaka mafuta ya kinga kuliendana na hatari kubwa zaidi ya kuganda uso na masikio. Mafuta hukufanya ujihisi una joto, basi. Aliyejihisi hivyo huiacha kofia mlangoni.

Ya nazi je? Ya shea? Hata ya simba!

Sisi weusi tuna la ziada. Takwimu za majeshi ya Marekani na Uingereza zinaonyesha askari weusi huumizwa na baridi mara nyingi zaidi, halafu maelekezo mengi yanakwambia utafute wekundu, ambao kwetu hauonekani kirahisi. Tafuta ganzi na rangi iliyofifia. Maumivu ya baridi yakikoma ghafla ungali barabarani, usishangilie.

Haya, ya kufanya. Kofia ya kufunika masikio, kitambaa cha kuziba pua na mashavu. Anza kwa kuukabili upepo, urudi ukiwa mgongoni, usije ukakupuliza umelowa jasho. Baridi ikifika nyuzi hasi 18 na upepo kilomita 24 kwa saa, nusu saa yatosha kugandisha shavu lililo wazi. Siku hiyo panda mashine ya ndani. Theluji huakisi jua, kwa hiyo losheni ya jua ni lazima. Ukiganda, ingia ndani, tumia maji ya nyuzi 37 hadi 39, usisugue, usisogelee hita. Malengelenge yakitokea, hospitali. Kopo lako usilitupe: paka mapajani na kwenye chuchu kabla ya kukimbia, na mwili mzima ukitoka kuoga, kabla ngozi haijakauka.